Mzizi *m-w-t na njia zake mbili hadi Garissa

Mzizi *m-w-t una maana ya kufa. Kinyota kilichotangulia herufi zake ni alama ya tahadhari: hakuna jiwe, ngozi wala karatasi iliyowahi kupatikana ikiwa na neno hili katika umbo hili. Limerudishwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha zilizo hai na zile zilizokufa zikaacha maandishi. Lugha iliyokuwa nalo huitwa lugha mame ya Kiafroasia. Wengi huikadiria kuwa ilizungumzwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kuna wanaoiweka Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu, na kuna wanaoiweka Mashariki ya Kati, na mabishano hayo bado yanaendelea. Wazao wake leo ni pamoja na Kiarabu, Kiebrania, Kiamhari, lugha za Waberberi, Kihausa, Kioromo, Kisomali na Kirendille.

Kaskazini Mashariki ya Kenya ni mahali pa manufaa sana pa kuufuatilia mzizi huu, kwa sababu uliingia huko mara mbili. Mara ya kwanza ulikuja vinywani mwa wafugaji, mama akimrithisha mtoto. Mara ya pili ulikuja na dini, ukiwa umevaa sura ya Kiarabu. Kati ya safari hizo mbili kuna maelfu ya miaka, na Kisomali, lugha ya wengi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kilichokuwa na haki ya kuurithi kwa njia ya kwanza, hakina tena kitenzi hicho; kilicho nacho ni majina yaliyokuja kwa njia ya pili.

Kazi ya kurudisha mizizi ya namna hii haikuanzia Afrika. Mwaka 1786, mjini Calcutta, hakimu Mwingereza William Jones alitangaza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba haiwezekani visiwe vimetoka chemchemi moja. Katika karne iliyofuata, Wajerumani waliigeuza kauli hiyo kuwa taaluma yenye kanuni. August Schleicher alijiamini hata akatunga hekaya fupi katika lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, akaichapisha mwaka 1868. Miongoni mwa mizizi iliyorudishwa katika familia hiyo umo *mer-, nao pia una maana ya kufa: Kilatini kina "mori", Kiajemi kina "mordan", Kilithuania kina "mirti", Kigujarati kinachosemwa madukani Nairobi na Mombasa kina "marvu". Mzizi huo utarejea baadaye, kwa kuwa nao umefika Garissa, tena kwa mlango usiotarajiwa.

Familia ya Kiafroasia ilichukua muda mrefu zaidi kukubalika. Jina "Kisemiti" lilianza kutumika mwaka 1781 kwa kalamu ya August Ludwig von Schlözer, likihusu Kiarabu, Kiebrania na ndugu zao wa karibu. Mwaka 1876 Friedrich Müller wa Vienna aliziunganisha lugha hizo na za Afrika Kaskazini na Pembe ya Afrika kwa jina la Kihamu-Kisemiti. Jina hilo lilibeba mzigo mbaya: Wahamu waligeuzwa kuwa kabila la kubuni, eti weupe walioleta ustaarabu kwa Waafrika, na hadithi hiyo ikawaharibia watu wengi akili kuanzia Rwanda hadi Pembe. Joseph Greenberg, katika makala za miaka ya 1950 na kitabu cha mwaka 1963, aliliondoa. Alionyesha kwamba hakuna tawi la Kihamu; kuna matawi matano yanayolingana kwa hadhi, yaani Kisemiti, Kimisri cha kale, Kiberberi, Kichadi na Kikushi. Harold Fleming baadaye akatenga la sita, Kiomoti, kusini magharibi ya Ethiopia.

Katika matawi hayo, *m-w-t ni miongoni mwa mizizi michache inayoonekana karibu kila upande bila kulazimishwa. Kamusi mbili kubwa za urejeshi zilizotoka mwaka 1995, moja ya Christopher Ehret, nyingine ya Vladimir Orel na Olga Stolbova, hazikubaliani katika mambo mengi sana, na msomaji anayezifungua pamoja anaweza kudhani zinazungumzia familia mbili tofauti. Juu ya kitenzi hiki zinakaribiana.

Ushahidi wa kale zaidi uko Misri. Ndani ya piramidi ya Farao Unas huko Saqqara, iliyochorwa maandishi ya mazishi takriban mwaka 2350 KK, neno "mwt" limo, likikanushwa: mfalme anaambiwa hakuondoka akiwa amekufa. Wamisri waliendelea kulitumia hadi Kikopti, ambamo likabaki "mou". Kiakadi cha Mesopotamia kina "imūt", alikufa. Mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa Ras Shamra, Syria, mwaka 1929, yanamtaja mungu wa mauti aitwaye Mot, anayepigana na Baali. Kiebrania kina "yamut", atakufa. Kiarabu "yamūtu", anakufa. Kiamhari "motä", alikufa. Kule Algeria, Wakabyle husema "yemmut" kwa mwanamume aliyekufa na "temmut" kwa mwanamke. Wahausa wana "mutu", na jina lake "mutuwa".

Kinachovutia zaidi ya konsonanti zenyewe ni kile kinachotangulia. Katika Kiarabu, Kiakadi, Kiebrania na Kikabyle, mtendaji huonyeshwa kwa viambishi awali vya aina moja: y- (au i-) kwa yeye mwanamume, t- kwa yeye mwanamke, n- kwa sisi. Mtoto wa Kisomali wa Garissa anayekaa dugsi, yaani chuo cha Kurani, asubuhi na kusomeshwa sarufi ya Kiarabu mchana hukariri jedwali hilo: aktubu, naandika, taktubu, yeye wa kike anaandika, yaktubu, yeye wa kiume, naktubu, sisi. Mwalimu hulifundisha kama jambo geni. Si geni. Mtoto huyo amekuwa akilitumia nyumbani tangu alipoanza kusema, ila kwa vitenzi vichache tu, kama itakavyoonekana hapa chini. Wala hakulipata kutoka kwa Waarabu: Kisomali na Kiarabu vililirithi kila kimoja kwa upande wake.

Tawi la Kikushi ndilo lililouleta mzizi Afrika Mashariki. Mabaki ya mifugo kandokando ya Ziwa Turkana yanaonyesha kwamba ufugaji ulifika kaskazini ya Kenya takriban miaka 5,000 iliyopita, na wanahistoria kadhaa huwahusisha wafugaji wa awali na lugha za Kikushi, ingawa mifupa ya ng'ombe haisemi lugha ya mwenye ng'ombe. Ushahidi wa lugha zenyewe una uzito zaidi. Kikushi cha Mashariki kina kundi ambalo wanaisimu huliita Omo-Tana, kwa majina ya mito miwili inayolizingira: Omo wa Ethiopia na Tana wa Kenya. Ndani ya kundi hilo kuna tawi dogo lenye Kirendille, Kisomali na Kiaweer, lugha ya Waboni wa msitu ulio mpakani mwa Lamu na Garissa.

Mjerumani Bernd Heine alichapisha historia ya tawi hilo mwaka 1978 na kuliita Sam, kutokana na neno la pua. Warendille husema "sam", Wasomali husema "san". Tofauti ya herufi ya mwisho ina maelezo yake: Kisomali hakikubali neno liishie kwa m, hivyo kila m iliyokuwa mwishoni iligeuka n. Kwa kufuata dalili kama hizo Heine alifikia hitimisho lililowashangaza wengi. Wasomali walikuwa wamezoea kuelezwa kuwa walitoka pwani ya Ghuba ya Aden wakashuka kusini, na nasaba zao zinawafikisha Uarabuni. Lugha zinasema vingine: tofauti kubwa kati ya lugha za tawi hili ziko kusini, Kenya na kusini ya Somalia, wakati Kisomali cha kaskazini kinafanana katika eneo kubwa mno, dalili kwamba kilienea huko baadaye. Kwa maelezo ya Heine, wasemaji wa lugha mame ya Sam walitoka pande za Ziwa Turkana na nyanda za kusini mwa Ethiopia, wakafika Tana na bara la Lamu, kisha baadhi yao wakapanda kaskazini. Herbert Lewis alikuwa amekwisha kutoa hoja ya jumla kama hiyo mwaka 1966, akitumia lugha na mapokeo pamoja. Si kila kipengele cha njia hiyo kimekubaliwa, lakini mwelekeo wa kusini kwenda kaskazini umebaki na nguvu.

Warendille, kwa hesabu hii, ni wale wasioenda mbali. Wanaishi Marsabit, kati ya mlima na Ziwa Turkana, nchi ya ngamia iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ya wakoloni, pamoja na Garissa, Wajir na Mandera. Kwao mzizi uko hai. Kitenzi chao cha kufa kina shina -mut, na kwa mwanamume husemwa "yamut".

Mtu anayejua Kiarabu akilisikia neno hilo atasema mara moja kwamba limekopwa. Hoja ya kulikataa jibu hilo ni nzuri kuliko sehemu nyingine zote za historia hii. Katika lugha za Sam vitenzi vya kawaida havichukui viambishi awali vya mtendaji. Vinachukua viambishi tamati. Kundi la vitenzi vya viambishi awali limefungwa, halipokei wageni. Kitenzi kinachokopwa leo, hata kikitoka katika Kiarabu kikiwa na ya- yake tayari, huingizwa katika kundi la kawaida. Wasomali walipochukua kitenzi cha Kiarabu cha kufahamu, hawakusema "yafham". Walisema "fahmay", alifahamu, na "fahantay" kwa mwanamke, mwisho wa neno ukibadilika na mwanzo ukitulia. Kwa hiyo kitenzi cha Kirendille kinachobadilika mwanzo wake hakiwezi kuwa mkopo wa juzi. Kilikuwemo kabla mlango haujafungwa. Isitoshe, Warendille wengi hawakuwa Waislamu na hawakuwa na shule ya Kiarabu ya kuwapa neno la msingi kiasi hicho.

Mlango huo ulifungwaje? Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Franz Praetorius alipendekeza jibu ambalo kwa sehemu kubwa limedumu. Zamani, alisema, Wakushi walianza kuunganisha shina lisilobadilika na kitenzi kisaidizi kilichonyambuliwa kwa viambishi awali. Kwa muda mrefu wa kusemwa kwa haraka, kisaidizi kiligandamana na shina, na viambishi vyake vya awali vikajikuta vimenaswa katikati ya neno. Ndiyo sababu t ile ile ya mwanamke na n ile ile ya sisi huonekana leo upande wa pili. Msomali husema "keenay", alileta, kwa mwanamume; "keentay" kwa mwanamke; "keennay" kwa sisi. Mborana wa Moyale au Mworma wa ng'ambo ya Tana husema "beeke", alijua. "Beekte" kwa mwanamke. "Beekne" kwa sisi. Mpangilio ni ule ule wa yaktubu, taktubu na naktubu, ila umehamia mkiani.

Kioromo kilikamilisha safari hiyo na kuacha viambishi awali kabisa. Kisomali kilisita. Kimebakiza vitenzi vinne, mbali na kile cha kuwa: "yimid", alikuja, "yiri", alisema, "yaqaan", anajua, "yaal", kipo au kimelala mahali. Kwa mwanamke au kitu cha jinsi ya kike ni "timid", "tiri", "taqaan", "taal". Hiki cha mwisho husikika kila siku, kwa kuwa ndicho kinachotumika kusema mji fulani uko wapi: Garissa "waxay ku taal" ukingo wa Tana. Ndugu zake wanaonekana mbali kaskazini. Waafar wa Djibouti na Ethiopia husema "yemeete" kwa alikuja na "temeete" kwa mwanamke. Si ajabu kwamba vilivyobaki ni vitenzi vya kuja, kusema, kujua na kuwapo. Maneno yanayotumika kila saa hushikilia maumbo yao ya zamani hata kanuni za mengine zikibadilika, kama Kiswahili kinavyosema "njoo" badala ya kufuata utaratibu wa vitenzi vyake vingine.

Cha kufa hakimo katika orodha hiyo. Msomali husema "wuu dhintay", amekufa, kutoka shina "dhim-" ambalo maana yake ya asili ni kupungua. Aliyefariki amepungua katika hesabu ya watu. Yapo pia "geeri", kifo, na "geeriyood", kufariki, yenye heshima zaidi. Waoromo nao wana "du'-", ambalo halihusiani na *m-w-t.

Kupotea kwa kitenzi cha kufa si jambo la Wasomali peke yao. Watu huogopa kulitaja jambo hili waziwazi, hivyo huzunguka: amepungua, ametutoka, ameaga dunia, amefariki, yaani ametengana. Baada ya vizazi kadhaa maneno ya kuzunguka ndiyo yanakuwa maneno ya kawaida, na lile la asili linasahaulika, kisha kazi inaanza upya. Kiingereza kilipata mkasa ule ule. Mzizi *mer- ulipaswa kuwa kitenzi chao, lakini lugha za Kijerumani ziliacha kuutumia hivyo. Wajerumani wakachukua "sterben", na Waingereza wakapata "die" kutoka kwa Waskandinavia waliohamia kisiwani kwao. Kilichobaki cha mzizi wa kale ni jina la uuaji, "murder". Halafu, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini viliwarudishia *mer- kwa wingi: "mortal", "mortgage", "mortuary". Kisomali kilipita njia hiyo hiyo, na Kiarabu kikawa Kilatini chake.

Njia hiyo ya pili ilifunguliwa na bahari. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu wenye kadhi na wanazuoni. Katika miji hii ya pwani, kifo kilikuwa na taratibu za Kiarabu: kuosha, kukafini, kusalia, kuzika. Maneno yakafuata. Kiswahili kilichukua "mauti" kutoka "mawt", na "maiti" kutoka "mayyit", aliyekufa. Kisomali kilichukua hayo hayo: "mowd" na "meyd". Herufi ya mwisho imegeuka d kwa sababu Kisomali hakipendi t mwishoni mwa neno kama kisivyopenda m. Kiswahili kilitatua tatizo lake kwa kuongeza irabu. Malaika mtoa roho anajulikana kwa jina la Kiarabu katika lugha zote mbili.

Tofauti kati ya mkopo na urithi hapa iko wazi. Waliokopa walichukua majina: tukio na mwili. Hawakuchukua kitenzi. Hakuna Mswahili anayesema mtu "amemauti", wala Msomali hajaunda "yamuut". Kukopa majina ni rahisi. Kitenzi cha kufa ni cha ndani mno, na lugha ikishakikosa cha asili, hutunga kingine kutoka ghalani mwake. Warendille wana kitenzi.

Ardhi yenyewe ilibadilisha wenyeji mara kadhaa wakati maneno haya yakisafiri. Katika karne ya 16 Waoromo walitawanyika kutoka kusini ya Ethiopia; mtawa Bahrey aliandika habari zao mwaka 1593. Waliofika kusini, mababu wa Waorma, walitawala nchi ya kati ya Juba na Tana kwa muda mrefu. Katikati ya karne ya 19 Wasomali wa ukoo wa Darod walivuka Juba, na baada ya vita na ndui Waorma walisukumwa hadi Tana. Waingereza walianzisha utawala wa NFD kuanzia mwaka 1909, wakachora mistari ya kuzuia koo kuhama, na mwaka 1925 wakawapa Waitalia Jubaland. Mipaka hiyo ndiyo iliyowaacha Wasomali wa Garissa upande wa Kenya, na baada ya vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 wakabaki huko. Ndugu zao wa Somalia huwatania kwa jina la "sijui", neno la Kiswahili walilozoea kuwasikia wakijibia.

Matokeo yake ni kwamba ukanda wa Tana una lugha zilizosongamana kuliko ramani za utawala zinavyoonyesha. Kando ya mto, jirani na mji wa Garissa, wapo Wamunyoyaya, wakulima na wavuvi wanaosema lahaja ya Kioromo. Wapo Wailwana, wanaoitwa pia Wamalakote, ambao lugha yao ni ya Kibantu lakini imeathiriwa sana na Kiorma na Kisomali. Derek Nurse aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kambi za wakimbizi za Dadaab, tangu 1991, zimewapokea wasemaji wa Kimaay na pia Wazigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania katika karne ya 19 wakahifadhi Kizigua chao bondeni mwa Juba.

Kwa lugha za Kibantu zilizo katika mchanganyiko huo, historia ni nyingine kabisa. "Kufa" ya Kiswahili haihusiani na *m-w-t wala *mer-. Inatoka katika mzizi wa lugha mame ya Kibantu, *-kú-. Mkikuyu bado anasema "gũkua" na k yake. Mganda anasema "okufa", Mzulu "ukufa", Mkongo "fwa". Mabadiliko ya k kuwa f mbele ya u ya aina fulani hayakubahatishwa. Yanaonekana pia katika "mafuta" ya Kiswahili dhidi ya "maguta" ya Kikuyu, ambamo g yenyewe ilianza ikiwa k. Carl Meinhof aliweka msingi wa kanuni hizo mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akazipanua katika juzuu alizotoa kati ya 1967 na 1971.

Mzizi wa tatu uliwasili na hospitali. Neno "mochari", linalotumika kote Kenya kwa chumba cha kuhifadhia maiti, ni "mortuary" ya Kiingereza, na humo ndani imo *mer- iliyopita katika Kilatini. Katika mji wa Waislamu wanaozika haraka, mochari si mahali panapozoeleka, lakini neno linajulikana kwa kila mtu, kwa sababu ya polisi, ajali za barabarani na wageni wa kutoka bara. Hivyo Mgarissa akisema kwa Kiswahili kwamba fulani amekufa na maiti iko mochari, ametumia ndani ya sentensi moja fupi mizizi mitatu ya kufa kutoka familia tatu za lugha zisizo na undugu unaothibitika: *-kú-, *m-w-t na *mer-.

Kwamba miwili kati ya hiyo inaanza na m kumewatia wengine tamaa. Mjini Moscow, katika miaka ya 1960, Vladislav Illich-Svitych na Aharon Dolgopolsky walijaribu kuziunganisha Kihindi-Kiulaya, Kiafroasia na familia nyingine kadhaa chini ya lugha mame moja ya kale zaidi waliyoiita Nostratiki. Wanaisimu wengi hawakukubali. Mbinu ya kulinganisha inahitaji ulinganifu wa sauti unaojirudia katika maneno mengi, kama k na f za Kikuyu na Kiswahili. Kadiri miaka inavyoongezeka, ulinganifu huo humomonyoka mpaka usiweze kutofautishwa na bahati. Sauti m inapatikana karibu katika kila lugha duniani, na mizizi miwili mifupi kuanza nayo si ushahidi wa undugu.

Kwa upande wa urithi, hali ya mzizi kaskazini ya Kenya si salama. Waariaal, ambao Paul Spencer aliwaeleza mwaka 1973 kama daraja kati ya Warendille na Wasamburu, wanasema lugha zote mbili, na katika familia nyingi Kisamburu ndicho kinachoshinda. Kisamburu ni lugha ya Kiniloti, ndugu wa Kimaasai, na haina *m-w-t hata kidogo. Mahali ambapo watoto wa Kirendille wanakulia katika Kisamburu, "yamut" inaachwa pamoja na vitenzi vingine vya kundi lake.